Mawimbi ya Rangi Kwenye Kitambaa cha Mama Nasra

Rumonge, Burundi, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mlangoni pa studio, mgongo umetulia, na Mama hajakuficha sukari tena. Sisi hapa ni wazima. Mkwe wako Deo anafundisha kama kawaida, mjukuu wako anakula kama mwashi, joto la ziwani ni lilelile, na mimi mwanao nina hasira wiki ya tatu sasa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hunisomi hadi mwisho. Unaruka mistari unatafuta salamu.

Uliniuliza swali moja tu: uiuze ile kamera yako ya zamani, ununue hizi mpya zisizo na kioo ndani, kama yangu? Nitakujibu, ila itabidi univumilie, maana jibu lenyewe limenitia aibu mbele ya watu.

Nianze na haki yake. Ni nyepesi. Haipigi kelele kanisani. Picha unaiona ilivyo kabla hujabonyeza, na ukiikuza unahesabu kope za mtu. Hayo ndiyo yaliyonidanganya nikakuachia yako mezani na kukuambia imepitwa na wakati. Nakumbuka uliifuta vumbi tu.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwenzangu mmoja hapa, Jado, naye ni mpiga picha, ana kamera mpya ya kampuni nyingine. Tulishinda nazo ufukweni siku moja tukizilinganisha, tukampiga picha muuza mawese aliyekubali kusimama. Yake iliutafuta uso wa yule mama ikaukosa, ikaona afadhali dumu la njano lililokuwa nyuma yake. Dumu lilitoka safi kabisa, hadi michubuko. Uso ulipopatikana ulikuwa wa kijivu, kama mtu aliyeamka na malaria. Yangu uso iliupata, lakini ikaupaka wekundu wa tofali. Kufika saa saba ikaonyesha alama ya joto na kujizima yenyewe. Na ukumbini, kwenye hizi taa mpya nyeupe, nikiiweka isipige kelele inachora mistari myeusi ukutani kote. Yako, Baba, ngozi ya mtu ilikuwa ngozi ya mtu.

Nilisoma na kutazama sifa zake miezi mitatu kabla ya kuinunua. Wale watu wa mtandaoni wanapiga picha matofali na paka! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuijaribu kwa wanawake sita waliovaa imvutano juani.

Imvutano ni lile vazi la wanawake wa huku, kitambaa chepesi kinachofungwa begani na kushuka hadi miguuni. Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, nilikuwa na harusi Gatete. Mama wa bibi harusi na dada zake watano walivaa sare moja, rangi ya dhahabu, yenye mistari myembamba sana iliyosukwa ndani kwa ndani. Kitambaa walinunua kwa Mama Nasra.

Mama Nasra nimekutajia mara nyingi kwenye simu. Babu zake walitoka Omani, yeye amezaliwa hapahapa, na ana duka la vitambaa karibu na soko. Nilipofika Rumonge simjui mtu isipokuwa Deo na ndugu zake, ndiye aliyenipa kibaraza cha duka lake nikatundika shuka jeupe na kuanza kupiga picha za vitambulisho. Hakuniuliza mimi ni wa dini gani wala nitakaa hadi lini. Kitambaa anakijua kwa vidole. Anafumba macho, anakisugua, anakuambia kitadumu au kitachakaa.

Basi Jumapili nafungua picha za harusi kwenye kompyuta, nakuta zile nguo zimejaa mawimbi. Kijani, pinki, zambarau, yanapinda begani, yanazunguka kiunoni. Nilijua palepale ni kamera. Nyuzi nyembamba za kitambaa zinagongana na vidoa vya sensa, kile kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ndipo zinatokea rangi ambazo hazipo. Kamera nyingi zina kichujio cha kulainisha kidogo ili jambo hilo lisitokee mara kwa mara. Kwenye yangu wamekiondoa makusudi ili picha iwe kali zaidi, na mimi huo ukali ndio nilioukimbilia. Nilihangaika kuzisafisha siku nzima. Nikiondoa mawimbi, dhahabu nayo inaondoka, wanabaki wamevaa kitu kama mabati.

Jumatatu nikapeleka picha hivyohivyo, mdomo nimefunga. Mama wa bibi harusi akaziweka kwenye televisheni, mashangazi wote wamekaa. Akasimama akaenda karibu, akarudi nyuma.

"Ona hii tissu," akasema. "Ndani ya nyumba iko muzuri, kwenye jua inageuka! Kama mafuta juu ya maji. Mama Nasra ametuuzia feki. Weye Vero uko unajua mambo ya rangi, si ndiyo?"

Baba, nilikuwa na nafasi. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Nikafikiria kamera mpya, nikafikiria watu watasema Mtanzania hajui kazi, nikajibu neno moja.

"Labda."

Hilo tu. Likatoka Gatete likafika sokoni kabla sijamaliza kupika chakula cha jioni. Jumanne nilisema nitakwenda kueleza, nikaumwa kichwa cha uongo. Jumatano nikajiambia watasahau. Kibarazani sikwenda siku zote hizo.

Alhamisi Deo akanitazama akaniuliza ninamkimbia nani. Nikabeba kamera nikaenda.

Duka lilikuwa limerudishwa nusu mlango. Mama Nasra nilimkuta uani, ametandaza robota zima la kile kitambaa kwenye kamba tatu, beseni mbili za maji pembeni, na mikono yake imekunjamana kwa kuloweka.

"Amahoro, mutoto wangu," akaniambia. "Kuja hapa. Weye uko na macho ya kijana. Unaona rangi gani?"

"Dhahabu, Mama."

"Na ingine?"

"Hakuna nyingine."

Akatikisa kichwa. "Watu sita wameona. Ata mu televisheni wameona. Mimi nimelowesha, maji iko safi. Nimeanika asubui, nimeanika saa sita, sioni kitu. Myaka makumi tatu niko nauza vitambaa. Macho yangu imekwisha na sikujua. Nimemuita Nasra atoke Bujumbura, achukue ufunguo ya duka."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke huyu hakuwa amemlaumu mtu yeyote. Alikuwa amejikagua mwenyewe, akajikuta na hatia ambayo ni yangu.

Nikawasha kamera. Nikasogea karibu na kitambaa, nikamwonyesha skrini: dhahabu tupu. Nikarudi nyuma hatua tatu. Mawimbi yakaja. Nikaiinamisha kamera kidogo, yakakimbia yote upande mmoja, na kitambaa pale kwenye kamba hakijatikisika. Akatazama skrini. Akatazama kitambaa. Akanitazama mimi.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Jumapili."

Akahesabu kwa vidole vile vilivyokunjamana.

"Siku ine," akasema. "Siku ine niko naosha."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Nilipoanza kulia akaniambia nipunguze, machozi yataacha alama kwenye kitambaa. Kisha akanipa hukumu. Jumamosi ndugu wa bibi harusi wanakwenda na makapu ya zawadi kumtembelea kwa mumewe, mimi ndiye wa kupiga picha, na yeye amealikwa. Nitasema hukohuko, mbele ya familia zote mbili, kamera ikiwa mkononi.

Nikasema. Wazee walipomaliza hotuba zao na vinywaji vimeshagawiwa, niliomba neno, watu wakadhani nataka kushukuru. Mama Nasra alikuwa amekaa mkekani na akina mama, amevaa kitambaa kilekile. Nikaeleza kosa la kamera, halafu nikaeleza la kwangu, lile la "labda". Mjomba mmoja akacheka. "Fundi akiaribu, analaumu chombo," akasema, na wengi wakamfuata kucheka. Mama wa bibi harusi akauliza, "Kwa hiyo foto zetu zote za nje ziko mbaya?" Nikamjibu zote, Mama. Baadaye akainuka, akapiga magoti karibu na Mama Nasra, akashika pindo la nguo yake na kumwomba msamaha. Mimi hakunitazama tena.

Harusi mbili zimeniacha, zimeenda kwa Jado na madumu yake. Nina hasira na waliotengeneza kamera hii, na walioisifu, na zaidi nina hasira na mdomo wangu.

Nasra alirudi Bujumbura bila ufunguo. Jumatatu mama yake akaniita, akasimama juani na ile nguo. "Piga," akaniambia. "Na hiyohiyo kamera. Simama pale inaaribikia." Nikampiga, mawimbi yote yako pale, tangu bega hadi miguu. Akaniamuru niichapishe kubwa, akaitundika juu ya meza ya kuuzia. Kila mteja anauliza. Nami nipo kibarazani palepale, kwa sababu hakunifukuza, nasikia akijibu kutwa nzima: "Uyu ni mimi. Izo rangi ni za kamera ya Mutanzania yule, alijua akanyamaza siku ine. Kitambaa iko sawa. Shika."

Kama amenisamehe sijui. Chai ananiletea.

Kwa hiyo usiiuze, Baba. Na mdogo wangu Kulwa akikushawishi kuwa imepitwa na wakati, mwambie dada yake alisema hivyo hivyo.

Msalimie Mama, mwambie mawese yake nimempa aliyebeba barua hii, asikubali kupunguziwa. Msalimie shangazi Sesilia, fundi cherehani wetu, na babu mlezi wa kwaya. Deo anakuamkia.

Nilitaka kukuwekea picha ya kile kitambaa uone ninachosema. Mama Nasra akanikataza, akachukua mkasi akakata kipande mwenyewe, ndicho hicho kilichomo kwenye bahasha. "Usimuonyeshe," amesema. "Baba yako ashike."

Mwanao,
Vero