Mafuta ya Mbegu za Papai ya Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi
Mama mdogo kaingia maabara bila hodi, chupa kwapani. Mafuta ya mbegu za papai! Kayakamua mwenyewe, kwa mashine ya mkono. Mbegu anapewa na kiwanda cha juisi, kilekile kilichomwachisha kazi alipoumwa mgongo. Watengeneza sabuni watayachukua, ila wanataka cheti cha maabara. "Nipimie, mwanangu." Nikaitikia kabla sijafikiri. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 4 Machi
Rangi safi, ya dhahabu. Harufu — mh! Nimejiambia ni mafua yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepima asidi. Unadondosha dawa mpaka mafuta yageuke rangi ya waridi na yabaki hivyo. Matone mengi, asidi nyingi; kikomo ishirini. Haya yamekunywa sabini na mbili! Nikaosha vyombo, nikarudia. Yaleyale. Yameharibika.
Mkuu wa maabara kachungulia daftari langu, kasema namba hazina mama mdogo. Kweli. Lakini yeye hakulelewa naye. Mimi, tangu mama afariki, sina mwingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeenda kwake. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakayeyuka mlangoni — kavaa gauni lake la harusi za watu, kanisubiri! Kanionyesha mbegu: ndoo tatu, zimelowa, zimefunikwa tangu wiki iliyopita. Nikatia mkono. Moto! Zinachacha. Kumbe asidi inaanzia humu.
Nikamwambia yote. Kisha akauliza, polepole, kama siwezi kuandika namba ndogo safari hii tu. Yeye! Aliyenichapa kwa kusema nimeosha vikombe na sijaviosha.
Nikasema siwezi. Akasema chai inapoa. Hatukuinywa.

Jumatatu, 10 Machi
Hapokei simu.

Alhamisi, 13 Machi
Kaja! Salamu hakuna. Chupa mpya mezani. "Mbegu za haya nimeziosha na kuzianika siku ileile." Anataka kupima kwa mkono wake. Nimempa koti jeupe, linambana mabegani. Mimi kazi yangu kuhesabu na kuandika tu, kanikataza kusogea.
Tone la tisa. Waridi — ikapotea.
La kumi na nne. Kashika mgongo. Nimesema apumzike. Hataki.
La kumi na nane. Mkuu kasimama mlangoni. Rangi imekaa kidogo… imefifia.
La kumi na tisa. Nimeinua kalamu kabla ya la ishirini. Kaniona.
"Andika," kasema, jicho kwenye chupa. "Andika linavyotoka."