Meza ya Mawese Aliyonipora Wifi Biira

Bwera, Jumapili jioni

Dada yangu Felista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani umenyoosha miguu, si shambani ukihangaika na palizi peke yako kama kawaida yako. Mguu wa Mama vipi? Bado anagombana na ile dawa ya kuchua? Na mvua za huko Kasulu zimekuja, au zinawazungusha tu? Sisi huku wazima. Mwanangu Neema amerefuka mpaka sare ya shule imekuwa kama ya kuazima, na siku hizi anaongea Kikonzo, lugha ya kwa baba yake, kuliko Kiswahili, ukimsikia utadhani sikumzaa mimi. Mimi mwenyewe nimenenepa kidogo. Sababu ya kunenepa ndiyo ninayotaka kukueleza.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani mnaiweka kwenye spika, anasikia Mama, anasikia shemeji, anasikia na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ni ya kusoma peke yako. Nimempa dereva wa lori anayekuja Kigoma, ameapa atakufikishia mkononi. Na kuna mahali nitakuambia usimsomee Mama. Tafadhali, usimsomee.

Unakumbuka baada ya mume wangu Masereka kufariki uliniambia nirudi nyumbani. Ulisema, Anastazia, umebaki huko unamfuata nani? Nikakujibu kwamba Neema anasoma. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba wifi yangu Biira, dada yake marehemu, alikuwa amekalia meza yangu, na mimi nisingeweza kuondoka Bwera kabla sijamwona anainuka.

Nikueleze vizuri alichonifanyia, maana wakati ule nilikuwa nalia tu kwenye simu na hukuelewa kitu. Mimi na Masereka tulikuwa tunauza mawese. Mafuta yanatoka Kongo, yanavuka hapa mpakani Mpondwe, sisi tunayachukua na kuyauza sokoni Bwera. Tulikuwa na meza yetu chini ya bati, na nyuma yake stoo ndogo yenye kufuli. Akina mama wanaopika sabuni kule Bulembia walikuwa wateja wetu, wapishi wa shule za Kasese vilevile. Masereka alipofariki, wazee wa kwao waliniambia mjane anakaa kwenye mkeka mpaka matanga yaanuliwe. Sokoni haonekani, hata chumvi ananunuliwa. Nikakubali. Mimi mgeni, nilitaka wanione nina adabu.

Nikiwa pale kwenye mkeka, Biira akaja akaniomba ufunguo wa stoo, eti akaangalie mafuta yasije yakaharibika. Nikampa na asante juu. Kumbe alikwenda kukaa pale. Kila mteja aliyekuja kunipa pole sokoni aliambiwa nimesharudi kwetu Tanzania, na kwamba marehemu alimwachia yeye meza. Matanga yalipokwisha, Jumanne, siku ya soko, nikaenda. Nikamkuta amekaa kwenye benchi langu, amevaa aproni yangu. Aproni yangu, Dada, niliyoishona mwenyewe!

Akaniambia mbele ya watu, "Wewe iko unatafuta nini hapa? Mutu yako imekufa. Rudi kwenu Tanzania. Hapa nani iko anakujua?"

Nikaenda kwa kiongozi wa soko. Akasema meza iliandikwa jina la Masereka, na hayo ni mambo ya ukoo, na ukoo ni Biira. Nikatoka pale nikiwa sina hata pa kuweka mikono.

Ndipo nikaanza kukaanga kabalagala, vile vitumbua vyao vya ndizi na unga wa muhogo, nikawauzia madereva wanaosubiri malori yao yaruhusiwe kuvuka Mpondwe. Moshi ulinitoa machozi mpaka watu wakadhani bado naomboleza. Lakini moshi haukuwa shida. Shida ni kwamba njia ya kwenda kununua ndizi inapita mbele ya ile meza, na kila nikipita Biira ananiita kwa sauti, "Mama Tanzania, bado uko?" na wenzake wanacheka. Nilikuwa nacheka nao. Usiku nalala nimeuma meno.

Mteja wangu mmoja wa kabalagala alikuwa mama mmoja anaitwa Masika, mwuza maharage. Anayashusha kutoka milimani Kyarumba. Yeye ndiye anaongoza kikundi cha akina mama wafanyabiashara wa hapa, wanakutana kila Jumatano nyuma ya kanisa. Akanialika. Nikakataa, nikasema mimi sina biashara, nina kikaango. Kisha nikasikia Biira anakitukana kile kikundi, anasema ni wanawake wajinga wanaogawiana wateja kama wanagawana ugali. Basi niliposikia hivyo tu, Jumatano ile nikaenda. Nakuambia ukweli, sikufuata maendeleo. Nilifuata kitu ambacho Biira anakichukia.

Sasa sikiliza wanavyofanya, ujue ni kwa nini nakusisitiza wewe na wenzako wa gulio mwanzishe cha kwenu. Kila mmoja anasimama, anasema anauza nini na anatafuta nini. Halafu kabla ya Jumatano inayofuata, lazima umtumie mwenzako mtu mmoja anayehitaji bidhaa yake. Mtu, si fedha. Ukirudi unasema mbele ya wote, nilimtuma fulani kwa fulani, na mwenzako anajibu kama alifika. Mwenye saluni akisikia mteja wake analalamikia maharage mabovu, anamtuma kwa Masika. Masika akisikia harusi, anampeleka bibi harusi saluni. Ni jambo dogo kabisa, lakini ukiwa peke yako huliwezi.

Na mgeni hasimami mara moja. Kwanza lazima mtu amsimamie, kisha msimu mzima wa maharage anakaa kwenye meza ya huyo aliyemsimamia. Anabeba, anafagia, anajifunza, anajulikana na watu. Meza yake mwenyewe hana mpaka msimu uishe. Mimi nilikaa kwa Masika. Nimebeba magunia kichwani kwenye vile vijia vya Kyarumba vinavyoteremka kama ngazi, magoti yakicheza, na nilikuwa namlaani Biira kila hatua. Lakini kila tulipofika kwa mtu Masika alisema, "Huyu Anastazia iko mutu yangu." Dada, maneno hayo yalinifungulia nyumba ambazo nisingethubutu kubisha hodi.

Msimu ulipoisha, siku yangu ya kwanza ya kusimama niliharibu. Nilisema nauza mawese, na ninachotafuta ni kwamba asiwepo mtu wa kwenda tena kwa Biira. Masika akasema, "Kaa chini. Hapa hatutumi mutu kuacha mutu. Hapa tunatuma mutu kwenda." Na kuna mama mwingine, Akello, mke wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini anayeishi kambini na mumewe, huyo anaongea kama yuko gwarideni. "Wewe mama! Hasira peleka nyumbani, lala nayo! Hapa ni kazi. Sema unauza nini, maliza, kaa!" Nikakaa.

Lakini njiani nikirudi nikafikiri, nikaona wanawake hawa wamenifundisha kisasi bora kuliko changu. Kumtukana Biira hakuna haja. Hata kumtaja. Watu wafike kwangu tu, basi.

Wakafika. Wa kwanza alikuwa Kavira, mama wa ng'ambo, Mkongo wa Kasindi, ambaye zamani ndiye alituletea mafuta mimi na Masereka, na baadaye akawa anampelekea Biira. Naye alikuwa ndiyo kwanza amejiunga kikundini. Aliponiona akashika kinywa. "Weye? Balisemaka ulishaendaka kwenu!" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Miye sitamuletea tena mafuta ule mama. Mutu gani anachukuaka meza ya mufiwa?" Tangu hapo mafuta mazuri yakawa yanaanzia kwangu.

Akello akanitumia mama anayepikia wanajeshi kambini. Mwenye saluni akanitumia wapika sabuni wa Bulembia. Masika akanitumia mpishi wa shule. Kila Jumatano nikisikia "nilimtuma fulani kwa Anastazia," moyoni nasema, huyo alikuwa wa Biira, na huyo naye. Nilikuwa nauzia nyuma, kwenye stoo ya Masika, bila meza. Na kufika stoo ya Masika lazima upite mbele ya Biira. Nilikuwa nachungulia namwona anasimama, anafuta benchi, anatabasamu. Wateja wanamsalimia vizuri, wanapita. Roho yangu kwatu. Kuna utamu pale, Dada, hata sukari haina.

Yeye alikuwa hana wa kumuuliza kitu. Sisi Kavira alikuwa anatuambia mpaka wa Mpondwe umebanwa lini, mafuta ya wapi yameingia mabovu. Jumatano moja akatuonya kuna watu wanaleta mawese yaliyochanganywa maji. Kesho yake nikapita mbele ya Biira, nikakuta ndiyo anashushiwa hayo hayo. Nilimwamkia vizuri sana, nikamuuliza habari za nyumbani, nikapita. Ijumaa wateja wake wachache waliobaki wakamrudishia madumu wakipiga kelele soko zima. Siku hiyo hakuniita Mama Tanzania.

Sasa hapa ndipo usimsomee Mama.

Juma moja baada ya Pasaka, Biira akaja kikundini. Alikaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani. Masika akamuuliza anataka nini, akasema anataka kujiunga, biashara imemkalia vibaya. Masika akauliza kama kawaida, "Nani anamusimamia?"

Wote wakanitazama mimi, na Biira akatazama miguu yake. Nikauacha ule ukimya urefuke. Nilikuwa naufaidi, kwa nini nikudanganye? Alipoanza kukusanya mkoba wake ainuke, nikasimama, nikasema, "Mimi."

Ungewaona! Mmoja alipiga vigelegele. Akello, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisema, "Huyu ni mwanamke! Mama, roho yako ni kubwa!" Jumapili ile mchungaji wao akasema kanisani kwamba kati yetu yuko mjane aliyetuonyesha maana ya msamaha. Watu wakageuka. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa.

Hakuna hata mmoja aliyeifikiria sheria ya kikundi. Mgeni hana meza, Dada. Akija nayo, anaikabidhi kwa aliyemsimamia. Biira alifungua pindo la kitenge chake, akatoa ule ufunguo wa stoo, akanipa mbele ya wote, na kiongozi wa soko akaja kuandika jina langu, maana safari hii ukoo wenyewe ulikuwa umesimama pale na kukubali. Aproni sikuidai. Nimeshona mpya.

Basi sasa kila Jumanne na Ijumaa wifi yangu ananishushia madumu kutoka kwenye lori. Anafagia chini ya benchi. Mteja akija anatakiwa kumwambia, huyu Anastazia ndiye mwenye meza. Akisema kidogokidogo namwambia kwa upole, "Sema kwa sauti, wifi, mteja hajasikia." Anasema. Msimu ukiisha atakwenda kuweka meza yake kwingine, na mimi nitamtumia watu kama sheria inavyotaka, sitamnyima. Lakini mvua za Kyarumba zimechelewa mwaka huu, maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Ijumaa hii iliyopita nilimwona amekaa juu ya dumu anajisugua magoti. Kwa upande ule uso wake ni Masereka mtupu, Masereka akirudi safari amechoka. Huruma ikanishika. Nikamgeuzia mgongo, nikajifanya naangalia vifuniko mpaka ikaniachia. Jioni tukifunga akanijia, akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Wifi," akasema, "Mungu akubariki. Mimi nilikufanya mubaya, na wewe umenisamehe."

Nikamwambia bado kuna madumu mawili kwenye lori.

Mama mwambie tu kwamba meza imerudi, na kwamba mimi na Biira tunafanya kazi pamoja. Atafurahi, atamshukuru Mungu, mwache na furaha yake. Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie bado nina hamu ya samaki wake wa kuchoma. Nisalimie mjomba Leonsi aliyetufundisha kukamua mawese tukiwa wadogo, shangazi wa Heru Juu, na mama yangu wa ubatizo kama macho bado yanamwona anayemsalimia. Neema anakusalimu, anasema utume mihogo mikavu na dereva huyuhuyu. Shule ikifungwa tutakuja kuwatembelea. Kurudi moja kwa moja, hapana, usiniulize tena. Na siku ukinijibu, usiniandikie habari za kusamehe. Huku wamekwisha kuniambia sana, na kila wakisema, ninalala vizuri zaidi.

Mdogo wako mwenye meza,
Anastazia