Kofia ya Mwenyekiti

Nachingwea,
Jimbo la Kusini,
Tanganyika.
24 Septemba, 1957

Mpendwa Mjomba Saburi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tanga, wewe na mkaza mjomba na watoto wote. Na mguu wako je, ule uliochomwa na mkonge, umepona? Mama huwauliza habari zake watu wote wanaoshuka kwenye lori, hata wale ambao hawajawahi kufika Tanga.

Sisi huku hatujambo. Bibi Mwanaheri, mama yako, anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike ndipo anapotafuta jembe. Mtama umejaa ghalani. Mikorosho yako ya Mkotokuyana imeanza kutoa maua, nami ndiye ninayeifyekea, kwa hiyo ukisikia ndugu zetu wa Ruangwa wanasema shamba lile wanalitunza wao, cheka tu.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Katika barua yako ya Ramadhani ulinionya nisijiingize katika TANU. Ulisema chama kitasimama Dar es Salaam na Tanga, si kwetu, kwa sababu watu wa huku hawawezi kukaa kikao kimoja bila kutoana macho. Mjomba, wewe ndiye uliyenilea na nakuheshimu. Lakini safari hii umekosea, na nina raha isiyo kifani kukuambia hivyo.

Unajua jinsi mradi wa karanga ulivyokufa ukatuachia mji wenye watu wa kila namna. Tupo sisi Wamwera, wapo Wayao, Wamakonde na Wamakua, na wapo Wangoni waliokuja kuendesha matrekta wakaoa hapahapa. Wengi wamechukua kadi za chama, Waislamu kwa Wakristo. Na mwenyekiti tuliyemchagua ni Kornel, dereva wa trekta wa zamani, Mngoni wa Songea. Najua hapo umeshika kichwa. Tumesimuliwa tangu utotoni jinsi Wangoni walivyokuja na mikuki kuteka watu wetu, kisha tumempa Mngoni kiti. Tumempa kwa kuwa hatishiki, na akisema na mzungu hasemi kama mtu anayeomba chumvi.

Kibali cha kufungua tawi tulinyimwa mara nyingi. Mwishowe tulikipata, lakini kwa sharti moja: ikitokea fujo yoyote siku ya ufunguzi, tawi linafungwa na katibu aliyetia sahihi anakwenda jela. Katibu huyo ni mimi. Mama aliposikia alikaa chini palepale uani, akaniuliza kama nimerogwa.

Nyumba ya ofisi hakuna aliyethubutu kutupangisha, maana jumbe wetu wa serikali alikwisha kuwatisha watu. Tukajenga wenyewe. Wamakonde ndio waliokata miti, na udongo walikandika akina mama chini ya Teodosia, yule Mmakua wa misheni mwenye sauti kubwa. Wayao walipofika kuezeka waliona mlango umeelekea vibaya, basi ikawa kelele mchana kutwa, mpaka nikadhani jumbe ameshinda bila kutoka kwake. Tukaona bora tuweke milango miwili. Nyumba imekuwa na upepo mzuri sana.

Jumamosi iliyopita tukafungua. Uwanja ulijaa, watu wametoka hata Nandagala kwa miguu. Jumbe naye akaja, na askari wenye virungu, na mtu mmoja mgeni aliyevaa koti refu. Kornel alipokuwa anaanza kusema tu, yule mgeni akasimama akapaza sauti.

“Nyinyi Wamwera hamna haya? Babu wa huyu aliwafunga kamba bibi zenu kama mbuzi. Leo mnampigia makofi?”

Niliwaona askari wakishika virungu vizuri, na jumbe akitazama chini kwa adabu, kama mtu anayengoja chakula. Nikajua ndiyo kazi aliyoletewa yule mgeni. Jiwe moja tu likirushwa, tawi limekufa na mimi nimefungwa. Niliogopa, mjomba, wala sikufichi.

Hapo ndipo mama yako aliponyanyuka. Alipita katikati ya watu polepole, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kornel, akanyoosha mkono akamvua kofia, ile ya kahawia anayoringia sana. Akaivaa yeye.

“Mwana wa mwizi wee,” akasema. “Babu yako kala mbuzi wa baba yangu. Leo nimelipwa.”

Kornel akapiga magoti mbele yake. “Bibi yangu, babu alituambia mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wazee walishikana mabega wasianguke. Askari mmoja aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Yule mgeni alibaki amesimama na koti lake. Alitafutwa mbali, kwa kuwa hakuna wa hapa aliyeikubali kazi ile, na hakuna aliyemwambia kwamba Wamwera na Wangoni ni watani. Matusi yale tunatukanana kila siku, hata msibani, tena msibani ndiyo zaidi, na kitu cha mtani wako ukikitaka unachukua. Jumbe ni Mmwera, anajua. Nadhani kwa kukaa sana na wakubwa amesahau watu wake wanavyoishi.

Baada ya hapo nani angeweza kupigana? Mgeni aliondoka kabla ya hotuba kwisha, na jumbe akamfuata akisema ana wageni nyumbani. Tukapandisha bendera. Teodosia alipiga vigelegele, akapokewa na akina mama wa Kiyao, na mwisho sikujua tena nani ni wa wapi. Nililia mbele ya watu. Tangu asubuhi ya Jumapili foleni ya wanaotaka kadi haijakatika, na ofisi imekuwa ndogo kabla udongo haujakauka.

Wape salamu watoto, na umwambie mkaza mjomba kwamba ukili wa kushonea mikeka utakuja na mzigo wa korosho. Mama anakusalimu sana, siku hizi anajidai kwamba alijua tangu mwanzo. Mdogo wangu Mwamina na mumewe Yunusi wanakusalimu pia.

Salamu za bibi nimeziweka mwisho, kwa amri yake. Kornel anatembea juani kichwa wazi. Amekuja kuikomboa kofia kwa jogoo, akakataliwa, akarudi na kanga, akakataliwa. Bibi anaivaa kisimani, anaivaa shambani. Amesema ataivua siku tutakapojitawala, na kwamba hafi kabla ya siku hiyo. Anakutaka uwepo, mjomba, umwone akimrudishia mwenyewe.

Mungu akuhifadhi, akurudishe kwetu salama.

Mpwa wako akupendaye daima,

Amri