Maganda ya Muhogo na Zabibu Wangu wa Idd

Kisegi, Homa Bay

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako vipi, lakubali kusujudu au bado waswali kitini? Mimi ni mzima, ila pua yangu si nzima, na hayo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Kinu cha Mjomba Salim siku hizi chasaga muhogo kutwa. Waletwa kwa lori kutoka Migori, nao ni mchungu, si huu wetu wa kutia nazi. Maganda tulikuwa twayamwaga nyuma ya kinu, na mvua ikinyesha yanatoa maji ya rangi ya usaha. Harufu yake inakaa kwenye buibui hata nikilifua. Nashangaa matumbo yangu bado yamo ndani.

Mwezi jana mbuzi wa jirani walikula maganda yale mabichi, wakafa kwa sumu yake. Majirani wakaja juu: mjomba ayaondoe au afunge kinu. Akifunga, sote twarudi huko pwani mikono mitupu.

Ndipo akaja bwana wa kilimo na mfuko wa pumba zilizoota ukungu. Akasema ukungu ule ukipandwa kwenye maganda huila sumu, kisha yakianikwa yanakuwa chakula cha mifugo. Mama Atieno, anayemenya muhogo pamoja nami, hakushangaa. Kwao muhogo mchungu hulundikwa, ukafunikwa mpaka uote manyoya, ndipo wanaukwangua, wanauanika na kuusaga unga wa ugali. Mama, ugali huo nimekuwa nikiula tangu nifike! Nilizunguka nyuma ya nyumba nikatapika.

Kazi ya kugeuza lundo tukapewa mimi na yeye. Maganda yalikuwa ya moto, yanateleza, ukungu umeyashika kama pamba ya maiti.

"Shika tu, nyar pwani, haiumangi," Mama Atieno akaniambia, anacheka; ndivyo aniitavyo, binti wa pwani. "Hii nyeupe ni mzuri. Ukiona nyeusi, hiyo tupa."

Nikashika. Nilijisugua kwa ndimu mpaka ngozi ikachubuka.

Maganda yalipokauka, majirani walikusanyika, lakini hakuna aliyekubali kutoa mbuzi wake. Mjomba, bila hata kuniuliza, akamfungua Zabibu, mbuzi wangu niliyekuwa nikimlea kwa ajili ya Idd.

"Mjomba, huyo ni wangu!"

"Sisi wenyewe tukiogopa, Rukia, wao wataamini nini?"

Zabibu akala, akalamba mpaka beseni. Nilimchukia mjomba kwa moyo wangu wote. Nikakaa chini kando ya mbuzi wangu, namtazama tumbo, namwomba Mungu. Jioni akacheua, akajamba, akataka tena. Watu walicheka, na kesho yake wakaja na magunia kuuchota uozo ule. Kinu chaendelea.

Sasa Idd yakaribia na mjomba aulizia kisu. Nimemwambia huyo simli, kila nikimwona nakumbuka yale manyoya meupe, na ni kweli. Lakini wewe nakwambia na lililobaki: aliyetuonjea sumu sisi sote, siwezi kumshikia kamba achinjwe.

Nisalimie bibi, na dada Mwanaisha na wanawe. Kaka Athmani mwambie mwaka huu anichinjie huko. Huyu wangu amelala mlangoni, ananuka vibaya, na sitamfukuza.

Mwanao anayenuka vilevile,
Rukia