Meli Imeikataa Simu Yangu

Bandarini Contamana,
Jumanne, 11 Februari

Mpendwa mama mdogo Zoila,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya magunia ya mchele, wamenishusha sasa hivi kwenye meli ya kwenda Iquitos. Miguu yako huko Lima bado inavimba? Mimi mwili mzima, ila moyo sina.

Dada yako bado yuko hospitali Iquitos. Hawampasui mpaka ndugu wawili watoe damu. Ndugu yangu Kelly ameshatoa. Nimebaki mimi tu, na hali yake kila siku inashuka.

Shida ni simu. Wenye meli siku hizi kadi ya kitambulisho hawaitaki, wanataka kibali cha kwenye simu. Na kibali hakifunguki kwenye simu iliyochokonolewa na fundi. Yangu ilitumbukia mtoni, Nelo wa sokoni akaifufua kwa mitambo yake. Hapa kwetu nani ana simu ambayo Nelo hajaigusa? Sasa inaandika, "Kifaa hiki hakiaminiki."

Mlinzi wa ngazi ya meli akacheka. "Kijana, simu yako imejaa maji ya mto na uongo wa Nelo. Shuka."

Mwalimu Nilda alikuwa nyuma yangu, akamvaa. "Kadi ina sura yake, ina kidole chake! Tangu lini mtu anaomba ruhusa kwa simu atembee nchini kwake?"

"Mama mwalimu, mimi silindi katiba. Nalinda ngazi."

Watu wakagawanyika. Wengine wakasema haki imeliwa, wengine eti hivyo ndivyo wauza unga watakamatwa. Mimi unanijua, maneno hunikwama. Nilitaka kusema mama anakufa, ikatoka "samahani". Mabaharia wakakifungua kitanda changu cha wavu, nilichokifunga melini tangu jana kushika nafasi, wakanirushia.

Mama mdogo, nakusihi, piga simu hospitali. Waambie damu ya pili iko njiani, wasimtoe kitandani. Mimi hawanisikilizi.

Nisalimie baba Abner, na Lucero na mtoto wake. Mungu awafunike nyote.

Mwalimu Nilda ataipiga picha barua hii akutumie, simu yake inaaminika. Naacha hapa. Don Segundo anapeleka ndizi Requena, njia hiyohiyo ya Iquitos, kwa mtumbwi wake wa mashine, amekubali nikae juu ya mikungu. Kuanzia Requena sijui nitapitaje. Ameshawasha mashine, ananiita, anataka kuiwahi mvua.

Mwanao anayekupenda,
Elmer