Dada, Sipendi Halua

Dada Mwanakombo,

Salamu nakupa kwa kuwa ni haki ya kila Mwislamu juu ya mwenziwe, usizihesabu kuwa ni mapenzi. Huku Kibokoni tu wazima. Barua yako imefika na meli ya juzi. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Unasema umempatia mwanangu Rukia mume huko Unguja. Watu wema, nyumba ya ghorofa mbili, kijana hana neno. Haya. Kisha ukaandika, kwa mkono wako, kwamba wanawake wa nyumba hiyo wamekuuliza mtoto anapenda nini, ili wajue la kutia katika kasha la bibi arusi, nawe umewajibu: nguo nyekundu, marashi ya waridi, na halua. Rukia ulimwacha akitambaa, sasa ana miaka kumi na sita. Umejuaje anapenda nini?

Mimi najua ulikoyatoa. Hayo ndiyo uliyowajibu watu wa mume wangu Athmani mwaka ulioniozesha mimi. Hata mpangilio wake hukuubadilisha.

Basi kaa kitako, dada yangu, nikwambie mimi ni nani, maana naona umeniozesha bila ya kunijua, au umenijua ukafanya makusudi. Sipendi halua. Sikuipenda hata siku moja. Hunigandia menoni na kunichafua roho, na harufu ya ile samli yake hukaa nami mpaka alasiri. Mimi napenda vitu vikali: embe bichi kwa chumvi na pilipili, ukwaju, achari ya ndimu iliyokaa juani mpaka ikageuka rangi. Kahawa nainywa chungu, halua wala tende sitaki kando yake.

Nawe ulijua! Wewe ndiwe uliyeniita Ndimu. Mama alipokufa nilikuwa na miaka sita, wewe una kumi na minane, na ndiwe uliyekuwa ukinifichia ukwaju katika pindo la leso. Tulikuwa tukikaa kwenye ngazi ya kupandia juu humu nyumbani, pale penye giza, unanitilia mkononi kidogo kidogo na unacheka nikikunja uso. "We Ndimu," ukisema, "nani atakuoa na uso huo?" Siku zile hapakuwa na mtu duniani niliyempenda kuliko wewe. Naliandika hili nikiwa na hasira, lakini ni kweli, nami sitalifuta.

Sasa sikiza rangi. Nyekundu inanifanya nionekane mgonjwa wa manjano. Rangi niipendayo ni ile ya kaniki, nyeusi yenye buluu ndani yake, ikiwa mpya na bado inachuja rangi mkononi. Najua hapo umeshika kifua: nguo ya watumwa, nguo ya wachota maji, watu watasemaje. Waseme. Ninazo mbili sasa, nazivaa humu ndani, na jana nimekaa nayo dirishani.

Sipendi paka. Naishi katika mji ambao kila ngazi ina paka watano, na wote nawachukia. Napenda harufu ya chokaa mbichi ukuta ukipakwa upya, na nikiwa peke yangu naulamba kwa ncha ya ulimi. Napenda kuusikia mlio wa gari la moshi upepo ukija kwetu. Hina ya miguuni siipendi kwa ajili ya kule kukaa miguu imenyooshwa nusu ya siku kama uliyevunjika. Vugo nalipenda mno, zile pembe zikigongwa na wanawake wakipita njiani wakijibizana, na katika harusi yangu mwenyewe ndilo sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nimefungiwa chumbani, wewe ndiwe uliyekuwa mbele yao ukigonga pembe.

Hilo la harusi halina budi nilitaje, tumelikwepa miaka mingi mno.

Kasha lilipoletwa ulilifungua wewe. Leso nyekundu jozi sita, chupa nne za marashi ya waridi, na halua bakuli tatu. Ukaangalia, ukafurahi, machozi yakakutoka. Mimi nilidhani unalia kwa kuniozesha. Ilinichukua miaka kutambua kwamba lile lilikuwa kasha lako. Wewe uliolewa haraka haraka mama akiwa kitandani, hapakuwa na kasha wala vugo, ukaenda kwa mumeo, mlango wa pili tu, na nguo za siku zote. Basi nafasi ilipopatikana, ukaagiza yako kwa kinywa changu. Na harusi ilipokwisha ukachukua leso tatu na chupa mbili, ukasema, "Wewe huyajali haya." Kweli, sikuyajali. Lakini hilo ulilisema baada ya kuniozesha.

Hayo ya kasha ningeyasamehe. La pili ndilo nisilolisamehe.

Siku ya nikaha walikuja mashahidi wawili mlangoni pa chumba. Baba alikuwa kaburini, walii wangu ni ami yetu, na sheria inataka mwari aulizwe. Pazia lilikuwa limeshushwa, mimi na wewe tuko ndani. Wakaita jina langu na la baba, wakauliza kama nimeridhia kuozwa Athmani. Unakumbuka nilivyosema? Nilisema, "Nipeni siku mbili." Sikupiga kelele, lakini nilisema, na neno lilitoka. Sikusema simtaki. Athmani nilikuwa sijamwona. Nilitaka siku mbili tu nimuulize mtu yeyote: ana sauti gani, hucheka, hukasirikia nini. Wewe ukaniziba mdomo kwa kiganja chako, kiganja kina hina bado mbichi, ukawajibu kwa sauti ya furaha: "Analia tu, ndiyo ada ya wari. Amenyamaza." Nao wakaenda zao, maana mwari akinyamaza huhesabiwa karidhia. Sheria haina kosa, dada. Iliniuliza. Wewe ndiwe uliyenijibia. Midomo yangu ilibaki na hina siku nne, na wanawake wakaona jambo la kuchekesha.

Usiniambie Athmani alikuwa mtu mwema. Najua, mimi ndimi niliyekuwa mkewe. Duka lake la vyombo vya shaba halikuwa mbali, kila Ijumaa akitoka msikitini hupitia kununua halua, anakuja nayo imefungwa katika kikapu cha ukindu, anaiweka mbele yangu na kungoja nile. Nilikula. Kila sikukuu ananiletea leso nyekundu, na kila zilipokuja chupa mpya mjini ananiletea marashi ya waridi, na waridi hunipasua kichwa. Miaka kumi na saba! Kungwi alinikaririsha siku saba nzima mume wangu anapenda nini na hapendi nini, mpaka upande anaolalia. Yeye maskini hakuwa na wa kumfundisha. Aliambiwa mambo matatu, akayashika yote matatu.

Utasema mbona sikumwambia. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili ya uso wako, ili wakwe wasije wakasema dada yake mwongo. Mwaka wa pili nilinyamaza kwa sababu nilinyamaza mwaka wa kwanza. Baadaye ikawa ni aibu yangu mimi. Hapo nami nina lawama, naibeba, lakini mlango uliufunga wewe.

Sasa nikwambie alivyokufa, kwa kuwa barua yako ya rambirambi ilisema bila shaka mimi namshukuru Mungu kwamba amekufa nikiwa karibu naye. Hukuniuliza, ulijibu tena.

Alhamisi baada ya alasiri alinambia nifungue chupa ya marashi ninyunyize chumbani, kwa kuwa palikuwa pananuka dawa, naye alitaka nikae penye harufu niipendayo. Mgonjwa hata kuinuka hawezi, ananifikiria mimi. Nilichukua chupa, nikaishika, mkono ukakataa. Nikamwambia, bwanangu, waridi linaniumiza kichwa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu kasha la harusi. Nikamwambia na halua, nikamwambia na nyekundu, yote kwa mara moja, nikilia.

Athmani aliitazama ile chupa mkononi mwangu. Akasema, "Basi mimi nimeishi na nani?"

Akageukia ukutani. Alikasirika, dada, na alikuwa na haki. Siku ile hakusema nami tena, chakula alikipokea kwa Rukia. Nilikaa pale nje ya mlango wake nikikuapiza wewe kwa jina.

Asubuhi ya Ijumaa akaniita. Akanikalisha karibu, akasema, "Haya, niambie. Unapenda nini?" Nikamwambia ukwaju. Akafikiri, akatikisa kichwa, akasema, "Lingine." Nikamwambia kaniki. Akacheka mpaka akakohoa. "Lingine." Ikawa hiyo ndiyo kazi yetu. Akizinduka anasema lingine, nami natoa moja: paka, chokaa, vugo, kahawa chungu. Nilimwambia kwamba lile toroli linalosukumwa na watu juu ya reli kutoka huku mjini kwenda Kilindini nimelipanda mara moja tu maishani, na bado naliota, ule upepo usoni na miti inavyorudi nyuma. Akasema kama angelijua angenipandisha kila Ijumaa, badala ya halua.

Jumapili adhuhuri aliniambia, "Lingine," nami sikuwa nimelipata bado. Nilikuwa natafuta. Nilipolipata, hakuwa wa kusikia tena. Hilo moja silisemi kwako, ni lake.

Siku tatu, Mwanakombo. Siku mbili ulininyima, nikapewa tatu mwishoni, na katikati miaka kumi na saba mtu mwema alikaa na mwanamke uliyemtunga wewe. Nimetoka eda mwezi uliopita. Nyumba ina chupa tano za waridi ambazo sijazifungua, nazo nakutumia zote kwa huyu anayeichukua barua. Ni zako tangu mwanzo.

Sasa turudi kwa Rukia, maana hasira zangu juu ya mambo yaliyopita hazina faida kwa mtu, ila yeye yuko hapa, hai, anashona kofia dirishani na kuimba vibaya. Nilimsomea barua yako yote. Ukitaka kucheka, cheka: halua anaipenda. Ile yote aliyokuwa akileta babake, yeye ndiye aliyekuwa akiimaliza nilipogeuka. Moja umepatia kwa kubahatisha. Nyekundu haitaki, anapenda manjano. Waridi hana habari nalo. Hapendi kuamshwa kwa kuguswa. Anaogopa radi na hataki mtu ajue, nami nimemwomba ruhusa kabla ya kukuandikia. Ana maoni juu ya kila mtu anayepita chini ya dirisha letu, na mengi ni ya kweli.

Nilipomaliza kusoma nilimuuliza kama anamtaka huyo kijana wa Unguja. Nilimuuliza yeye kwa yeye, mchana kweupe, pazia nimelifunga fundo juu. Alinyamaza. Akaingiza sindano, akaitoa, akaingiza. Nikaona mashahidi wako wangekwisha kwenda zao na kula biriani. Mimi nikakaa. Kahawa ikapoa. Mwisho akainua uso akasema, "Mama, nipe siku."

Sikumfundisha neno hilo, na habari ya pazia sikuwahi kumhadithia. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi yetu ile ya giza, mpaka nilipoweza kurudi na uso mkavu.

Nikamuuliza anataka siku ngapi. Akasema hajui. Nikamwambia basi azichukue asizozijua. Ami yake, nduguye Athmani, ambaye ndiye walii, nimekwisha kumweleza, naye atangoja. Wewe waambie watu wa Unguja wasinunue kitu. Waambie ulikosea, au waambie uongo mwingine, unao mwingi. Wakichoka kungoja, waoe kwingine kwa salama. Na harusi ikiwapo, njoo ukitaka, gonga vugo, ule, ulale kwangu. Wewe ni dada yangu, sina mwingine na sipewi mwingine. Lakini chumba cha mwari hutaingia.

Unajua sasa nipendayo na nisiyoyapenda. Weka barua hii, na akitokea mtu kukuuliza habari zangu, msomee, usiongeze lako.

Rukia akisema ndiyo, nitakuandikia. Akisema la, nitakuandikia. Akinyamaza, nitamuuliza tena.

Mdogo wako,
Ndimu