Picha ya Kichwa cha Baba

Dada Ilinca,

Natumaini baridi ya Torino haijakuzidi. Sisi tu wazima. Mama amepika chupa kumi na nane za jamu ya plamu, na paa la zizi nimeliziba.

Kwenye simu nilikuambia kwamba Baba alipopatwa na kiharusi, mtandao ulikuwa mbovu. Sikukuambia yote.

Hospitali yetu ndogo ilimpiga picha ya kichwa ili daktari wa mjini aisome. Picha hizo hupitia lango la VPN, njia ya siri ya mtandao kati yetu na mjini, ninalolisimamia mimi. Nesi Aurica akanipigia simu: "Dorin mwanangu, picha ya baba yako haiendi."

Nikamjibu, "Zimeni kompyuta yenu, muiwashe tena. Huku kwangu kuko sawa."

Walizima, wakawasha, mara tatu. Ndipo nilipokagua lango. Jumanne nilikuwa nimeongeza humo njia mpya ya data bila kuijaribu. Kompyuta yetu iliita ya mjini ikasikika, lakini majibu yakarudi kwa njia hiyo mpya, yakazuiwa langoni, na bila majibu picha haiendi. Niliifuta, na picha ikaenda papo hapo. Daktari alipiga simu akasema saa ya kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda imepita.

Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Mwanangu ndiye aliyeutengeneza mtandao." Jana nilishindwa kuvumilia, nikamweleza.

Aliendelea kumenya viazi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwandikie Ilinca. Asije akayasikia kwa watu."

Ni mimi nduguyo,
Dorin